Utepe wa Gari la Wagonjwa

Nchi ya Shwari haihitaji kutambulishwa. Ni ile nchi ambayo ukiuliza njia unaambiwa uandike barua, na barua ikijibiwa unaambiwa njia imefungwa kupisha msafara. Watu wake ni wapole na serikali yake ni sikivu. Kwa miaka hamsini haijatokea dharura hata moja, kwa sababu sheria ya Shwari inasema jambo linakuwa dharura pale tu linapotangazwa, na mwenye mamlaka ya kulitangaza huwa safarini.

Hata hivyo, kulikuwa na mwanamke aliyeajiriwa kushughulikia dharura. Jina lake Leokadia Mbuya, muuguzi kiongozi wa kitengo cha dharura katika Hospitali ya Wilaya ya Subirini. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya mtu aliyezoea kupita kwenye korido zilizojaa. Kila mwaka mkubwa wake alimjazia fomu ya utendaji kazi kwa maneno yaleyale: "Mchapakazi, ila ana haraka." Katika Shwari, kuwa na haraka ni kasoro ya tabia, na kasoro hiyo ilikuwa imemkosesha cheo mara sita.

Hospitali ya Subirini ilikuwa imeletewa gari jipya la wagonjwa. Liliingia miezi saba kabla ya siku tunayoisimulia, jeupe, lina mtungi wa oksijeni, mashine ya kupima mapigo ya moyo na kitanda ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni yake. Siku lilipofika, kabla injini haijapoa, ofisi ya wilaya ililizungushia utepe wa rangi za bendera, ukapita mara tatu kwenye milango na kuishia kwa fundo kubwa juu ya boneti. Waraka ukafuata. Ulieleza kwa lugha nzuri kwamba mali ya umma huanza kuwepo pale mgeni rasmi anapokata utepe, na kwamba kabla ya hapo mali hiyo haipo, na mtu yeyote atakayeiona aichukulie kuwa hajaiona.

Kwa hiyo dereva Shomari, mwenye masharubu na heshima zake, alikuwa akiosha kila asubuhi gari lisilokuwepo. Leokadia naye kila Jumapili alipenyeza mkono chini ya utepe, akafungua mlango wa nyuma kiasi cha shibiri moja, akachungulia geji ya oksijeni isiyokuwepo. Ilikuwa imejaa. Wagonjwa wa rufaa waliendelea kupelekwa mkoani, kilomita arobaini, kwa gari la zamani lililopiga chafya kwenye kila mlima.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Afya na Shangwe. Aliahirisha mara tatu, na mara zote tatu Subirini iliandika barua ya kumshukuru kwa kuahirisha. Hatimaye akapanga siku, saa tatu kamili asubuhi.

Wilaya ilijiandaa kwa moyo wote. Chumba cha upasuaji kilipakwa rangi ya maziwa, kikafungwa kwa kufuli asije mtu akakikanyaga kabla Waziri hajakikagua. Friji la damu liliazimwa kwa ajili ya soda za meza kuu, na mifuko miwili ya damu iliyokuwamo ikarudishwa mkoani ikiwa na barua ya shukrani. Gari la zamani lilivutwa hadi nyuma ya jengo la dobi, likafunikwa turubai lisije likaliaibisha lile jipya, na betri yake ikatolewa ili iendeshe vipaza sauti vya mshereheshaji. Siku hiyohiyo likafutwa kwenye orodha ya mali. Leokadia alipouliza mgonjwa wa rufaa atasafirije asubuhi ya sherehe, aliambiwa kwamba ratiba haina mgonjwa wa rufaa.

*

Saa nne na robo Waziri alikuwa hajafika. Wauguzi walikuwa wamesimama juani kwenye mistari miwili tangu saa kumi na mbili, kila mmoja na kibendera chake, wakifanya mazoezi ya kutabasamu. Leokadia alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mkunga Tedi alitoka wodi ya wazazi akikimbia, na aproni yake ilikuwa nyekundu hadi magotini.

"Sista, Nyamizi anamwagika. Kizazi kimelegea, hakitaki kukaza."

Leokadia aliangusha kibendera, kosa ambalo mtu mmoja aliliandika papo hapo, akaenda.

Nyamizi alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike saa tatu na nusu, salama kabisa. Mama mkwe wake, Bibi Kashindye, alisimama kwenye kona akiwa amempakata mtoto huku akitazama sakafu. Tedi alikuwa ameshachoma sindano ya kukaza kizazi, ya kwanza na ya pili, na dripu zilikuwa zinakimbia mikono yote miwili. Leokadia alisugua tumbo, akasubiri likaze, halikukaza. Damu ilikuwa inatoka bila kelele. Alikuwa ameiona damu ya namna hiyo mara nyingi, na aliiogopa kuliko ile inayoruka.

Alifunga ngumi, akaiweka juu kidogo ya kitovu, akaegemea kwa uzito wake wote hadi akausikia mshipa mkubwa ukigonga chini ya vidole kisha ukanyamaza. Tedi alipapasa paja la Nyamizi kutafuta mapigo.

"Hayapo," alisema Tedi.

"Vizuri, mshipa umebanwa. Na damu?"

"Imepungua, sista. Inadondoka tu."

"Basi nitakaa hapa. Kamwite mganga mfawidhi."

Mganga mfawidhi, Daktari Ntandu, alikuja akiwa na suti, tai na karatasi ya hotuba. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama, akapima presha, uso ukambadilika, na kwa dakika nzima alikuwa daktari kabisa. "Anatakiwa upasuaji na damu. Sasa hivi. Akicheleweshwa zaidi ya saa moja na nusu tunampoteza." Kisha akakumbuka kwamba ufunguo wa chumba cha upasuaji uko kwa afisa itifaki, kwamba damu iko mkoani na kwamba gari halipo. Akaikunja hotuba yake mara mbili. "Ngoja nimwone Ndugu Lwambano," alisema.

*

Ndugu Gaudensi Lwambano, Afisa Itifaki wa Wilaya, aliingia wodini akikwepa madoa kwa ncha za viatu. Alikuwa na ratiba kwenye ubao wa kuandikia na kalamu tatu mfukoni.

"Poleni na kazi," alisema. "Nimearifiwa mna mgonjwa."

"Nahitaji gari," alisema Leokadia bila kugeuka.

"Gari gani, sista?"

"Lile jeupe pale nje."

Lwambano alichungulia dirishani kwa uungwana, akaliona, akarudi. "Pale nje pana utepe tu. Kukata utepe ni kipengele cha kumi na nne. Sasa hivi tupo kipengele cha pili, ngoma ya kumpokea mgeni, ambayo haijaanza kwa sababu mgeni hajafika." Aligonga ubao kwa kalamu. "Ila nisionekane sina utu. Kipengele cha kumi na tano ni onyesho la kumpakia mgonjwa. Tulikuwa na kijana wa kuigiza, tumeshamfunga bandeji. Naweza nikamtoa nikamweka huyu. Mgonjwa halisi ataleta mvuto zaidi."

"Kipengele cha kumi na tano ni saa ngapi?"

"Mheshimiwa akifika saa sita, tunazungumzia saa tisa, saa tisa na nusu. Kuna hotuba saba."

"Ndugu Lwambano, nikiondoa mkono huu anakufa."

"Basi usiuondoe," alisema Lwambano kwa upole, na akaandika kitu kwenye ratiba.

Bibi Kashindye alisogea mbele na mtoto kifuani. "Mwanangu, wewe una mama?"

"Shikamoo, bibi. Ninaye."

"Mama yako alikuzaa kipengele cha ngapi?"

Lwambano aliangalia saa yake. Alieleza kwamba amemwelewa sana bibi, kwamba serikali ipo pamoja na wazazi wote na kwamba atapiga simu. Alipiga. Waziri alikuwa wilaya ya jirani akizindua choo cha stendi, na alikuwa amepewa zawadi ya mbuzi, kwa hiyo hotuba ya shukrani ilikuwa inaendelea. Lwambano alitoa taarifa hiyo kwa furaha, kana kwamba ni habari njema, akatoka.

Mkono wa Leokadia ulianza kuishiwa nguvu saa tano kasorobo. Yeye na Tedi walibadilishana bila kuacha upenyo, ngumi juu ya ngumi, kisha ya chini ikachomoka, na kila walipobadilishana Leokadia alihesabu dakika zilizobaki na kuogopa. Mapigo ya Nyamizi yalikuwa mia moja na arobaini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Sista, nasikia baridi."

"Najua. Usilale. Mtoto anaitwa nani?"

"Bado. Baba yake anataka Rehani, jina la kwanza la mama yake, huyu bibi hapa."

"Na wewe?"

"Mimi nilitaka Pulkeria. Alikuwa fundi wangu, aliyenifundisha cherehani."

"Hilo zuri. Utamwandikisha mwenyewe. Nisikilize, utakwenda kumwandikisha kwa miguu yako." Alisema kwa ukali, maana alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote ilitoka ikiwa kali.

Saa tano na nusu presha ya Nyamizi ilikataa kusomeka. Leokadia alimtazama Tedi, Tedi akamtazama Leokadia.

"Leta machela," alisema Leokadia.

*

Walitoka wanne. Tedi alishika mbele, mhudumu wa usafi akashika nyuma, Bibi Kashindye alibeba mtoto na chupa ya dripu aliyoinyanyua juu ya kichwa chake, na Leokadia alitembea ubavuni akiwa amejikunja, ngumi tumboni mwa Nyamizi. Uwanja ulikuwa umejaa. Mgambo wawili walisogea kuwazuia, na Lwambano alikuwa anashuka jukwaani kwa hatua ndefu akitikisa ratiba.

Ndipo ving'ora vikalia barabarani. Magari kumi na moja yaliingia kwa vumbi, mlango ukafunguliwa, Waziri wa Afya na Shangwe akashuka, na Koplo Ndimbo, kiongozi wa bendi, akainua tarumbeta. Wimbo wa taifa ukaanza.

Inafaa kueleza hapa kwamba wimbo wa taifa wa Shwari una beti tisa, na kwamba wimbo ukipigwa hakuna kiumbe kinachoruhusiwa kusogea. Adhabu yake ni miezi sita. Watu wa Shwari wamelelewa hivyo tangu chekechea: sufuria ikiungua inaungua, mbwa aking'ata anaachwa ang'ate. Kwa hiyo uwanja mzima uliganda. Waziri aliganda mkono kifuani. Mgambo waliganda, mmoja akiwa na mguu hewani. Lwambano aliganda hatua nane kutoka kwenye machela, mdomo wazi.

Miguu ya Leokadia nayo iliganda. Miaka arobaini na minne ya malezi mema ilimshika magotini, na kwa muda wa mstari mmoja wa wimbo alisimama wima kama wenzake. Kisha akahisi chini ya ngumi yake mshipa ukigonga, dhaifu, haraka, na akagundua kwamba katika kusimama wima alikuwa amelegeza mkono. Alikandamiza tena. "Twende," alisema.

Tedi alikuwa analia, lakini alikwenda.

Shomari alikuwa amesimama kando ya gari, kidevu juu, funguo mkononi.

"Shomari, fungua."

"Sista, wimbo," alinong'ona Shomari bila kufumbua midomo.

"Shomari, gari hili lipo au halipo?"

"Kwa mujibu wa waraka, halipo."

"Basi wewe si dereva wa chochote na mimi sipandi popote. Fungua."

Masharubu ya Shomari yalicheza. Ubeti wa kwanza uliisha, wa pili ukaanza, na katika ubeti wa pili, mahali ambapo nchi inaahidi kumlinda kila mwana wake, mzee Shomari alisogea. Alifungua milango ya nyuma hadi utepe ulipoikatalia. Leokadia hakuwa na mkono wa ziada. Tedi alichomoa mfukoni mwa aproni mkasi aliokatia kitovu cha mtoto saa mbili zilizopita, akaukata utepe kwa pigo moja. Waliingiza machela juu ya nailoni, Leokadia akapanda juu akiwa amepiga magoti, Tedi akafungua oksijeni. Bibi Kashindye aliingia bila kuulizwa.

Lwambano aliona yote. Machozi ya hasira yalimtoka, lakini hakuweza kuyafuta. Itifaki inamruhusu afisa wake kiungo kimoja tu wakati wa wimbo, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwa ajili ya kuiashiria bendi ikomee ubeti wa pili wageni wanapokuwa wamechoka. Alikitikisa. Alikitikisa tena kwa nguvu zote za kidole kimoja, ili wimbo ukome, mgambo wapate miguu yao, geti lifungwe.

Koplo Ndimbo alikiona kidole kile. Akaliona na gari. Alifumba macho, akavuta pumzi, akaingia ubeti wa tatu.

Gari liliondoka polepole katikati ya umati uliosimama kama miti. Mgambo wa getini walipiga saluti, kwa wimbo au kwa gari, hatukuambiwa. Bendi ilipiga beti zote tisa, na vumbi lilipokuwa bado linaonekana kilimani, Koplo Ndimbo alianza tena ubeti wa kwanza.

*

Kilomita arobaini. Nailoni ya kitanda ilikuwa inateleza kwa damu na Leokadia alijishikiza kwa kiwiko kwenye mtungi wa oksijeni. Kwenye kizuizi cha polisi Shomari alitaka kupunguza mwendo, lakini polisi waliona rangi za bendera zikipepea pande zote mbili za gari, wakadhani ni msafara, wakafagia njia ya magari mengine hadi mjini. Kilomita ya thelathini Nyamizi aliacha kujibu.

"Nyamizi! Pulkeria analia, unamsikia?"

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Bibi Kashindye, bila kuambiwa, alimfinya mguuni. Mtoto akapiga ukelele, na kope za Nyamizi zikacheza. Bibi akambusu mtoto mahali alipomfinya, akaomba radhi, akajiandaa kumfinya tena.

Mkoani kulikuwa na damu kwenye friji na chumba cha upasuaji kisicho na kufuli. Nyamizi aliingizwa saa sita na dakika ishirini na nne. Alitoka saa nane, hai. Leokadia alipoambiwa, alikaa sakafuni kwenye korido akacheka, kisha akalia kwa sauti bila aibu yoyote. Ngumi yake ilikuwa haijafunguka. Muuguzi wa mkoa alimkunjua kidole kimoja kimoja kwa maji ya moto.

*

Serikali ya Shwari haionei mtu. Iliunda tume.

Tume ilibaini kwamba sherehe ilifana, kwani Waziri alikata utepe mwingine uliofungwa kati ya mgambo wawili, na redio ikatangaza kwamba gari limezinduliwa. Ilibaini vilevile kwamba saa sita kasoro dakika kumi, lilipotoka getini, gari lilikuwa halipo, hivyo haliwezi kuwa lilichukuliwa, na Leokadia akafutiwa shtaka la wizi. Lakini mtu aliyesafirishwa na gari lisilokuwepo hakusafiri. Kwa hiyo Nyamizi, kwa mujibu wa daftari, yupo kitanda namba tisa wodi ya wazazi hadi leo, na kila asubuhi anaandikiwa kwamba anaendelea vizuri.

Leokadia, Tedi na Shomari walipatikana na hatia ya kutembea wakati wa wimbo wa taifa. Miezi sita ilibadilishwa kuwa barua ya onyo kali kwa kuzingatia upungufu wa wauguzi, na Leokadia akavuliwa uongozi. Lwambano alipandishwa cheo kwa uthabiti wake. Koplo Ndimbo alipewa nishani ya uzalendo, ya kwanza katika historia kwa mtu kuupiga wimbo mara mbili mfululizo. Aliipokea bila kutabasamu.

Mwishowe tume ikatoa pendekezo, nalo likawa kanuni. Kwa kuwa gari halikuwepo uwanjani wakati wa kuzinduliwa, uzinduzi ni batili na utarudiwa Mheshimiwa akipata nafasi. Gari likafungwa utepe mpya. Na ili tukio lile lisijirudie, magari yote ya wagonjwa nchini yanayosubiri mgeni rasmi yatolewe magurudumu, yahifadhiwe ofisi ya itifaki.

Gari jeupe la Subirini limekaa juu ya matofali kwa miezi mitano sasa. Kila jioni, zamu inapobadilika, wauguzi sita hukutana nyuma ya dobi, penye lile gari la zamani lililofutwa kwenye orodha, wakafanya mazoezi ya kufunga magurudumu kwa haraka. Shomari huleta jeki na spana. Tedi amekwisha kujua dirisha la ofisi ya itifaki ambalo halifungi vizuri. Leokadia, ambaye si kiongozi wa kitu chochote, husimama pembeni mikono nyuma.

Jana Nyamizi alikuwa amekuja kliniki. Huko walikataa kumwandikisha mtoto kwa sababu mama yake bado yupo wodini. Alimfunga Pulkeria mgongoni, akazunguka nyuma ya dobi, akapewa saa ya kushika. Wauguzi walikimbia na magurudumu manne, jeki ikapanda, nati zikakazwa, jeki ikashuka. Mwezi wa kwanza ilikuwa dakika ishirini na mbili.

"Dakika saba," alisema Nyamizi.

Wauguzi walipiga kelele za furaha, wakakumbatiana kwa mikono yenye grisi. Leokadia hakupiga makofi.

"Nyamizi," alisema, "ungezisubiri dakika saba?"

Nyamizi aliwatazama wale wauguzi, akatamani kuwafurahisha. Akamweka mtoto sawa mgongoni.

"Hapana, sista."

"Yatoeni," alisema Leokadia. "Tunaanza upya."